Ati Vijana Wavivu!

Msyuuu! Limekuja tena lile neno. Vijana wa siku hizi wavivu. Limesemwa kwenye mkutano wa kijiji, limesemwa kanisani, limesemwa msibani hata sufuria za ugali hazijateremshwa, na leo limefika hapa kijiweni Makere, kwenye njia ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu; na kijiweni ndipo wanapokaa haohao wanaosemwa. Wameegemea pikipiki zao tangu saa kumi na mbili asubuhi wakisubiri abiria. Aliyelisema ni mzee ninayemheshimu, shikamoo yake hainipiti. Lakini jembe lake silijui, maana shamba lake la mihogo linalimwa na Warundi.

Samahani mzee wangu, umeanza wewe.

Mashtaka yenyewe kila mtu anayo kichwani. Hawataki shamba. Wanataka hela ya leoleo. Ukimweka kijana dukani, wiki ya tatu humwoni na simu haipokelewi. Ukimwita akusaidie kupakia magunia, kabla hajavua shati anauliza, "Bei gani, mzee?" Hilo la bei ndilo linalowachoma zaidi. Zamani, wanasema, kijana aliitwa akaja, akafanya, akamaliza, akapokea alichopewa na akashukuru. Siku hizi anataka makubaliano kabla ya jasho.

Ah, zamani ipi?

Tuanze na ya mbali, ile ya mababu tunaotolewa mfano. Waingereza walipokuja kutawala, kahawa walihimiza Bukoba na Kilimanjaro, pamba wakahimiza Usukumani. Huku Buha, kwa Waha, walihimiza kodi. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu ilikuwa Tanga, kwenye mkonge. Basi Waha wakabebwa kwa malori na garimoshi, wakawa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaanzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Kigoma ikawa mojawapo ya mikoa ya kuchotea watu. Ndiyo maana mpaka leo ukishuka Korogwe au Muheza utakuta koo nzima za Waha ambao hawajawahi kuiona Kasulu, babu yao alikwenda kutafuta kodi na hakurudi.

Sasa sikilizeni namna babu alivyopimwa. Alipewa kadi, kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku hizo 30 alitakiwa azikamilishe ndani ya siku 42, ndipo alipwe. Siku moja ya kazi ilikuwa ni idadi ya matita ya mkonge, majani 30 kila tita, na usipofikisha idadi siku haihesabiwi hata kama umechomwa na miiba hadi kwapani. Wengi walifanya siku kadhaa, wakapumzika, wakarudi, hadi 42 zikaisha. Na wenye mashamba walisemaje? Walisema Mwafrika mvivu, anatega, hana moyo wa kazi. Kumbe mtu amekaa amejipigia hesabu: nguvu alizonazo, posho anayopewa, umbali wa kwao. Alikuwa anauliza bei kimoyomoyo kwa sababu kuuliza kwa mdomo kulikuwa na bakora.

Hao ndio wachapakazi wa zamani. Walikuwa wachapakazi kweli, sipingi. Lakini wakati wao hakuna aliyewaita hivyo.

Akaja Mwalimu. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na humo ndani wazee wetu wanaume wa vijijini walipigwa rungu ambalo hawapendi kukumbushwa. Azimio lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi mno, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ila wanaume wa vijijini nusu ya maisha yao wako likizo, nguvu zinaishia kwenye porojo, ngoma na pombe. Sikutunga mimi, kitabu kipo. Nilipolisema hili kijiweni, mzee mwingine, mwalimu mstaafu, alikohoa, akageuza kiti chake akatazama barabara.

Halafu ikaja Operesheni Kigoma, 1972, watu wakahamishwa kutoka kwenye migomba yao wakapangwa kwenye vijiji vya mistari, na asiyetaka kuhama akaonekana hataki maendeleo. Mwaka 1983 ikatungwa sheria tuliyoizoea kwa jina la Nguvu Kazi. Mjini, asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa akarudishwa kijijini akalime. Wazururaji, waliitwa. Kupe. Na Dar es Salaam ya wakati ule, kama ilivyo ya sasa, Muha alikuwa barabarani na birika la kahawa au sinia la karanga, anatembea kutoka Kariakoo hadi miguu inavimba. Huyo naye kazi yake haikuhesabika kuwa kazi. Sasa piga hesabu: mzee wa miaka sitini na kitu leo, mwaka 1983 alikuwa na umri gani? Alikuwa kijana wa makamo ya huyu dogo anayemnyooshea kidole.

Uhuru na Kazi, Nguvu Kazi, Hapa Kazi Tu. Kila awamu ilikuja na sauti yake, na kila sauti ilielekezwa kwa mtu aliyeshika jembe tayari.

Tusivuke haraka miaka ya tisini, maana kwa huku ndiyo iliyotugeuza. Burundi ikawaka 1993, Kongo ikawaka 1996, na Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya Wakongo. Kasulu na Kibondo zikajaa kambi: Mtabila, Muyovosi, Nduta, Kanembwa. Yakaja mashirika, yakaja magari meupe yenye bendera, na ghafla kijana wa kidato cha nne akawa mtunza stoo, mlinzi, dereva, mkalimani. Alilipwa tarehe inayojulikana, kiasi kinachojulikana, na akitaka kuacha anatoa notisi. Wazee wa wakati ule wakasema, mnajua walivyosema. Vijana wamelewa hela za mashirika, jembe limewashinda. Haohao vijana ndio wanaume wazima wa leo waliojenga nyumba za bati zinazoonekana kutoka barabarani, na wengine wao ndio walioongoza kuwasema vijana asubuhi hii. Mtabila ilifungwa 2012. Mwaka 2015 Warundi wakamiminika tena, ajira zikarudi. Mwaka 2025 Marekani ikakata misaada, mashirika yakapunguza watu, na kuna wenye vyeti vya miaka kumi ya kazi walioamka wakiwa hawana pa kwenda. Je, hao nao walipata uvivu usiku mmoja?

Mzee wangu hapa akanikata kauli kwa methali. Mchagua jembe si mkulima, akasema, na wenzake wakaitikia kwa kichwa. Nikadhani tumefungwa goli. Dogo mmoja, aliyekuwa kimya muda wote anafuta tangi la pikipiki kwa kitambaa, akajibu bila kuinua uso: "Jembe sijachagua, mzee. Nimekosa pa kulimia."

Hapo ndipo penyewe. Mkoa huu ulipohesabiwa mwaka 1967 haukufikisha watu nusu milioni. Sensa ya 2022 imetukuta zaidi ya milioni 2.4. Ardhi haikuzaa. Mzee aliyefyeka pori akapata ekari zake ishirini aliwagawia wanawe, wanawe wakagawa tena, na mjukuu anaonyeshwa kipande ambacho ukiangusha kivuli cha mwembe kimekwisha. Ukisogea huku kuna kambi, ukisogea kule kuna hifadhi ya msitu wa Makere Kusini, na wanaokumbuka mvutano wa ardhi wa Kagera Nkanda wanajua kuna watu walilima huko wakafyekewa mazao yao wenyewe. Mzee anaposema "mimi umri wako nilikuwa na shamba," anasema kweli. Asichosema ni kwamba shamba lile alipewa na baba yake, au alilikuta pori, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kwa hiyo kijana anayetaka kulima anakodi. Anakodi kwa nani? Kwa mzee. Msimu wa kwanza anang'oa visiki, wa pili maharage yanakubali, wa tatu shamba linarudishwa kwa mwenyewe maana sasa limekuwa shamba. Nimeyaona haya mara nyingi mno kuyaita bahati mbaya. Halafu jioni tunakaa kwenye viti kuulizana kwa nini vijana hawapendi kilimo. Msyuuu!

Na hao Warundi? Tuseme ukweli uliozoeleka. Msimu ukianza wanavuka mpaka, wanapimiwa ngwe kwa kamba, wanalima kwa malipo ambayo kijana wa hapa akiyataja mbele ya mama yake atachekwa. Wengine hulipwa mihogo, wengine wanalala kwenye kibanda shambani hadi palizi iishe. Zinasimuliwa pia habari za mwajiri anayewakumbuka uhamiaji siku ya malipo inapofika, na sijaona mtu anayekana kwa sauti. Kisha huyo Mrundi tunamsifia: yule anajua kazi, halalamiki. Atalalamika kwa nani? Ukitaka kujua kwa nini anasifiwa, mpe karatasi ya kuishi na uhuru wa kuchagua tajiri, kisha rudi msimu ujao uone kama hataitwa mvivu.

Turudi kwa dogo wa kitambaa, maana yeye ndiye kesi iliyo mbele yetu. Pikipiki si yake, ni ya mkataba, itakuwa yake akimaliza kulipa. Mkataba umeandikwa kwenye karatasi ya daftari la mraba, mashahidi wawili wametia saini, mwenyekiti wa kitongoji amegonga mhuri juu ya maneno, hivyo mstari wa mwisho hausomeki. Tuseme hesabu ni shilingi 8,000 kwa siku, Jumapili imesamehewa. Siku 26 kwa mwezi ni shilingi 208,000. Akimaliza mwaka mmoja na nusu atakuwa amelipa zaidi ya milioni 3.7 kwa chombo kilichonunuliwa labda milioni mbili na nusu au tatu. Petroli yake, oili yake, tairi zake, faini zake. Mvua ikinyesha siku tatu na njia za ndani zikageuka uji, hesabu haijui mvua. Akiugua malaria anampa mwenzake apige deiwaka ili pikipiki isilale, kwa sababu ikilala siku nne inachukuliwa, na aliyolipa miezi kumi yanakwenda na maji.

Jana usiku alibeba mama mjamzito. Leo asubuhi alibeba mbuzi, na baada ya mbuzi, kreti mbili za soda na mtoto wa shule katikati. Kijana huyu amekaa kijiweni, ndiyo, anasubiri. Kusubiri abiria ni sehemu ya kazi hiyo, kama ilivyo kwa mwenye duka, na mwenye duka hatujawahi kumwita mvivu kwa sababu amekaa.

Bosi wake je? Mara nyingi ni mtumishi, au mfanyabiashara, au mzee aliyeuza ng'ombe wawili akaona pikipiki inazaa haraka kuliko ng'ombe. Simu inalia saa mbili usiku, muamala umeingia, 8,000. Anaisoma akiwa amekaa kitini. Kisha anaiweka simu mfukoni na kusema vijana wa siku hizi hawajitumi.

Sasa na nyie vijana msichekelee, bado sijafika kwenu.

Fundi pancha, ambaye si mzee wala si kijana, na ambaye kwa hiyo hasikilizwi na upande wowote, ana lake. Anasema amechukua vijana kuwafundisha. Mmoja alikaa hadi alipojua kuziba tu, hata kukaza spoku hajui, akaondoka akafungua banda lake mita hamsini kutoka hapo na kibao kimeandikwa FUNDI MKUU. Wa pili alikuwa mzuri, mkono mwepesi, lakini mteja akisimama yeye macho yako kwenye mkeka. Mkeka huu si wa kulalia. Ni timu saba za Ulaya, nyingine hata nchi yake hajui iko wapi, ameziweka kwenye simu kwa shilingi 1,000 akingoja laki tatu. Timu sita zinashinda, ya saba inatoa sare dakika ya tisini, mkeka umechanika. Kesho anaweka mwingine. Huyu simtetei. Hela ya mkeka ikijumlishwa kwa mwaka ingenunua mbegu, na hilo hata dogo wa kitambaa alikubali, akasema lakini mbegu nayo ni mkeka, maana mvua haina uhakika, bei ya maharage haina uhakika, na mkeka angalau matokeo unayajua Jumapili usiku.

Nikakosa jibu la haraka. Ninalo sasa: mkeka una mwenye kampuni anayekula kila Jumapili, uwe umeshinda au umeshindwa. Lakini wakati ule dogo alishaondoka na abiria.

Na lile la kuacha kazi wiki ya tatu, mimi mwenyewe limenichosha. Kuna kijana anaona kila kitu ni cha kupitia tu, hakuna pa kutia nanga. Anasubiri majina ya ajira za ualimu yatoke, mwaka wa nne huu, cheti cha chuo kimo kwenye begi la nailoni juu ya kabati, kwa hiyo duka anauza kwa mkono mmoja. Ninaelewa linatoka wapi. Aliambiwa asome, akasoma, mzazi akauza shamba amsomeshe, na sasa mzazi huyohuyo anamwambia arudi shambani. Shamba lipi? Lile lililouzwa? Hata hivyo, mwenye duka naye ana haki ya kumkuta mtu dukani saa mbili asubuhi.

Vijana wa jirani nao walidharauliwa: kule Nairobi, Juni 2024, vijana wao, Jenzii, waliingia barabarani kupinga muswada wa fedha, na wazee wengi wa huko walishangaa. Walikuwa wamewazoea kama watu wa kubonyeza simu. Huku kwetu sidhani kama dogo wa pikipiki anajiona Jenzii, hana muda huo. Serikali yetu inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, na kijana ana haki ya kugombania ile asilimia nne ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya vijana bila riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Inataka kikundi, katiba, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki, andiko la mradi. Ukishahudhuria vikao vyote hivyo bosi ameshachukua pikipiki yake.

Kuna jambo moja halikutajwa na upande wowote asubuhi nzima, na nililiona linapita mbele yetu zaidi ya mara moja. Wasichana wa umri uleule wa madogo wa pikipiki wanapita na ndoo za mihogo iliyovundikwa wakienda kuianika, wanarudi na kuni, wanapita tena na mtoto mgongoni na dumu la maji kichwani. Wazee wanaposema vijana wavivu hawawasemi hao. Wanaposema zamani vijana walikuwa wachapakazi, hao pia hawamo. Wako nje ya hesabu zote mbili. Azimio liliwahesabu mwaka 1967, likawapa hadi saa 14, tukapiga makofi, tukaendelea kukaa. Dada wa yule dogo anaamka kabla yake na kulala baada yake, na hana pikipiki ya mkataba wala ya kwake, na kwenye kugawana shamba la baba hata hakuitwa kusimama mpakani. Akiacha kazi wiki ya tatu, nani atapika?

Mama anayetuuzia chai na maandazi hapa kijiweni alikuwa anasikiliza yote haya akipuliza moto. Wakati mzozo umepamba moto, mwalimu mstaafu akamgeukia na kumwomba awe hakimu: mama, kati ya wazee na vijana, nani mvivu? Mama akafuta mikono kwenye kanga, akachukua daftari lake la madeni lililochomekwa chini ya hotipoti, akalifungua. Akaanza kusoma kwa sauti, bila kuchagua umri. Chapati mbili na chai, tangu Jumatatu. Maandazi manne. Chai tatu, huyu alisema atatuma kwa simu. Mzee mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana kikao cha shule. Dogo mmoja akawasha pikipiki akisema ameitwa na abiria, simu yake haijalia.

"Habari ya uvivu mtamalizana wenyewe," mama akasema. "Mimi nataka hela yangu kabla ya saa sita. Unga wa ngano umepanda."